Dawa Niliyoipuliza Kichakani

Jumamosi, 3 Mei 2025

Kupe saba leo. Saba! Na nilikuwa kwenye bamia saa moja tu, tena sikuinama sana. Wawili nyuma ya goti la kushoto, mmoja kwapani, wanne wamejipanga kwenye mkanda wa sketi. Nimewatoa kwa kibano polepole, kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha, nikawatia kwenye kichupa cha spiriti. Wa mwisho alichezesha miguu muda mrefu.

Nimeoga mara mbili. Bado nasikia kitu kinapanda mgongoni. Navua, natazama kwenye kioo — hakuna. Navaa. Kinapanda tena.

Raheli, mdogo wangu, alikuwa na mmoja tu.

Mwezi ujao itatimia miaka miwili tangu tumzike. Homa siku nne, na mimi nampa panadol na uji, nasema ni malaria, itapita. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tatu, na sikuwa na akili ya kumwambia mdogo wangu avue nguo nimkague. Hospitali walipomgeuza ndipo wakaona kidonda kidogo cheusi nyuma ya paja, kama mtu aliyechomwa na sigara. Daktari akasema huenda ni homa ya kupe. Huenda tumechelewa kidogo. Huenda! Neno hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani Mnyuzi, na jeneza.

Bustani ni yake. Mimi naiangalia tu. Gambuti zake bado ziko mlangoni, zimeelekea nje.

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimetoka misa, nimekaa barazani kusikiliza. Hakuna.

Kichaka kiko pale pale, kati ya shamba langu na la mzee Sadala. Ekari moja hivi, masalia ya mkonge wa zamani yaliyomezwa na miti na miiba. Zamani ikifika saa kumi na mbili jioni usingeweza kuongea na mtu hapa. Kanga wa porini wanagombana, vyura wa kijitoni, halafu komba — wale wa macho makubwa — wanalia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Wageni walikuwa wanashtuka. Raheli alikuwa anawajibu! Anasimama na ndoo mkononi, analia kama wao, wananyamaza, wanaanza tena.

Sasa ni mwaka wa pili kimya. Ndege wa mbali, treni ya mizigo, basi. Kupe peke yao ndio waliorudi, na wamerudi wengi kuliko mwanzo.

Najua kwa nini. Sijawahi kuandika. Leo pia hapana.

Jumanne, 6 Mei 2025

Siku mbaya. Asubuhi mzee Sadala kabisha hodi, hata shikamoo yangu hakuijibu vizuri. Binti yake Shamsia, aliyerudi kwa baba yake kusubiri kujifungua — mimba ya miezi sita — ana homa tangu jana. Wiki iliyopita alikwenda kuchuma mchunga pembeni ya kichaka, akarudi na kupe miguuni.

Mzee akasema Jumamosi anapuliza dawa. Kichaka chote. Ameshaazima bomba la mgongoni, ameshanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anataka nisaidie kuchota maji.

Nilikimbia kwa Shamsia. Miaka sitini na moja, nakimbia!

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vua nguo mama. Zote."

Akacheka kwa aibu. Nikamwambia sicheki. Nikamkagua kama ambavyo sikumkagua Raheli: kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, katikati ya vidole, chini ya matiti, kwenye nywele. Kwenye vifundo vya miguu, pale mpira wa soksi unapobana, mstari wa vipele vyekundu — hao ni utitiri wa majani, wadogo kuliko chembe ya chumvi, wanawasha wiki nzima lakini si wao niliokuwa nawatafuta. Nyuma ya sikio la kulia. Huyo hapo! Ameshiba, wa kijivu, kama kokwa ya ubuyu. Nikaegemeza mkono shavuni kwake, nikamtoa mzima.

Mama yake alikuwa amesimama na mafuta ya taa kwenye kisoda, anataka kumpaka. Nikamwambia hapana, ukimpaka anatapikia ndani.

Kisha nikasema aende hospitali. Leo. Si kesho. Awaambie ana mimba na ameumwa na kupe, asisubiri kuulizwa. Mzee Sadala akasema hii ni malaria, vidonge viko ndani. Nikampigia kelele. Mzee wa miaka sabini na mbili! Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema, "Na mimi nilisema hivyo hivyo!"

Wameondoka kwa bodaboda kwenda Korogwe saa tano. Nimekaa na kibano mkononi mpaka mchana.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Shamsia amerudi jana. Homa imeshuka. Malaria hakuna, wamempa dawa ya homa ya kupe inayofaa kwa mwenye mimba, na mtoto anacheza tumboni. Nililia chooni ili mtu asinione.

Mzee Sadala kaja na mkungu wa ndizi. Shukrani nyingi. Halafu, bila kupumzika: kesho tunapuliza, mwalimu.

Nikamwomba anipe wiki moja. Nikamwambia kuna njia nyingine. Akaniuliza njia gani — kuwaomba kupe wahame? Lakini akanipa. Mpaka Jumamosi ijayo, akasema, na ananipa kwa sababu ya Shamsia tu.

Nimempigia simu Filemoni, bwana mifugo. Nilimfundisha darasa la tano, hawezi kunikatia. Ameongea nusu saa. Kupe hawaruki, hawaangukii mtu kutoka mtini kama watu wanavyosema. Anapanda kwenye ncha ya jani, ananyoosha miguu ya mbele, anangoja mguu upite. Kwa hiyo mnyime jani. Fyeka ukanda mpana kati ya kichaka na vitalu, jua lipige chini, kupe hawezi ukavu. Majani yaliyooza yaondolewe penye watu, si kichakani. Ng'ombe wasipite bustanini, maana ndio wanaowaleta na kuwamwaga. Halafu akasema kitu kilichonikaa kifuani: usikiguse kichaka chenyewe, mwalimu. Humo ndani kuna wanaokula kupe kuliko dawa yoyote. Kanga wa porini, mijusi, ndege, siafu.

Nikasema, ndiyo. Kuna.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimefanya kazi tangu saa moja mpaka viungo vimekataa. Suruali nyeupe ya marehemu baba, ili nione kinachotembea. Soksi juu ya suruali, si ndani yake. Shati ndani ya suruali. Gambuti — nimevaa za Raheli. Zangu zimetoboka. Zimenitosha. Nilisimama mlangoni kwanza, sikuweza kuinua mguu.

Nimefyeka hatua nne kwa upana. Kila nilipomwona kinyonga nilimhamishia ndani. Mmoja! Kinyonga mmoja kwenye ukanda wote. Zamani ungewatoa kumi.

Filemoni alinifundisha kupima. Unachukua shuka jeupe, unaliburuta juu ya nyasi hatua ishirini, unaligeuza, unahesabu. Sikuwa na jeupe jingine ila lile la kitanda cha Raheli. Kando ya kichaka: kupe thelathini na mmoja, kama mbegu za ufuta zenye miguu. Penye bamia: kumi na wawili. Nimeandika ukutani kwa mkaa.

Wanawake wawili walipita njiani wakitoka sokoni. Nilikuwa nimewapa mgongo, naburuta shuka. Mmoja akauliza mwalimu anatafuta nini huko. Mwenzake akajibu kwa sauti ndogo, lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu: anamtafuta mdogo wake.

Sikugeuka.

Halafu ukingoni, chini ya mti wa mkwaju, panga liligonga kitu kikalia. Nikainama. Fuvu dogo, jepesi kama ganda la yai, matundu ya macho makubwa kuliko uso wenyewe. Komba. Na jingine pembeni yake, dogo kama kidole gumba.

Niliwazika hapo hapo kwa mikono. Glavu zilikuwa mfukoni.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Basi niandike.

Agosti 2023. Wiki ya tisa baada ya mazishi. Nilikuwa silali. Kila nilipofumba macho nilimwona kupe mmoja, yule, amekaa mahali fulani kichakani ameshiba damu ya mdogo wangu, hana habari. Nikapanda basi kwenda Korogwe, nikanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, kopo kubwa. Muuzaji akasema kofia moja ya kopo kwa ndoo. Niliweka tatu. Nikaazima bomba Magoma, kwa watu wasionijua vizuri, nikasema ni la mahindi.

Nilipuliza siku mbili. Asubuhi, kabla ya watu kwenda shamba. Nilipuliza chini, nikapuliza juu, nikapuliza kwenye matundu ya miti. Nilikuwa naongea. Nilikuwa namwambia kupe, toka. Toka. Maji ya kuoshea bomba nikayamwaga kijitoni. Kopo nikalitupa huko huko.

Siku ya tatu vyura walielea tumbo juu. Kalunguyeye alitoka katikati ya njia mchana kweupe, anazunguka, anazunguka. Kanga wa porini nilihesabu kumi na mmoja. Mizinga mitatu ya nyuki ya mzee Sadala — nyuki kama mchele uliomwagika chini ya mti. Alilia, yule mzee. Mizinga ya baba yake.

Na komba. Alikuwa kwenye njia yangu ya kwenda kisimani, amelala ubavu, mtoto bado kamshika tumboni ananyonya. Mtoto alikuwa hai. Alinitazama. Sikumchukua. Ningeweza kumchukua nikampa maziwa, Raheli angemchukua. Mimi nilizunguka kwa kando nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa bado ananyonya. Jioni hakuwa ananyonya tena.

Hili ndilo linalonitembea mgongoni, si kupe.

Sijamaliza. Kopo lilipatikana. Na nani Mnyuzi ananunua dawa ya kuogeshea ng'ombe? Mfugaji. Na mfugaji mmoja tu alikuwa amepiga boma karibu na kijito — Elisha, Mkwavi ambaye watu walimwita Mmasai tu, na mkewe na mama yake mzee na ng'ombe wachache. Mtu mpole. Alikuwa anamletea Raheli maziwa, hataki kulipwa, anachukua mchicha. Mkutano uliitishwa uwanjani. Mzee Sadala alisimama na kopo mkononi. Watu wakasema mengi. Niliwasikia watu niliowafundisha kusoma wakisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Elisha akasema si lake. Akasema yeye huogesha ng'ombe Jumatano kwenye josho, waulize. Hakuna aliyetaka kuuliza. Akapewa siku tano ahame.

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Kitenge cha msiba mabegani. Elisha alinitazama mara moja. Nikatazama chini.

Alihama siku ya nne.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimeburuta tena shuka, mzee Sadala na Shamsia wakishuhudia. Kando ya kichaka bado ishirini na tisa. Lakini kwenye ukanda niliofyeka — wawili. Kwenye bamia — watatu! Shamsia amepiga makofi. Yeye sasa ana suruali nyeupe ya mumewe na soksi mpaka magotini, kila akitoka shambani anavua zote na kuzianika juani kwenye bati, anajikagua. Anasema hata utitiri umepungua tangu alipoacha kukaa kwenye nyasi.

Mzee aligeuza shuka, akakagua na upande wa pili.

"Kwa hiyo tutaishi nao?"

"Tutaishi nao mbali na miguu yetu, mzee."

"Mimi nataka wafe."

"Hata mimi nilitaka."

Kaniuliza najuaje kwamba dawa itaua na vingine. Eti kile kilichokufa mwaka juzi kiliuliwa na uchafu wa Mmasai kule kijitoni, si na mtu anayepuliza kwa utaratibu. Yeye atapuliza kwa utaratibu. Akaanza kuondoka. Jumamosi, akasema, nitake nisitake, anajaza bomba.

Nikasema, "Mzee Sadala. Lile kopo lilikuwa langu."

Alisimama akiwa amenipa mgongo. Shamsia alishika tumbo. Nikasema yote, nikiwa nimesimama, shuka mkononi. Kofia tatu. Bomba la Magoma. Nyuki. Sikulia, sikutaka anihurumie.

Mzee alikaa chini. Hivi hivi, ardhini, mzee mzima. Akavua kofia yake akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Akasema jambo kwa Kizigua ambalo sikulishika. Kisha Kiswahili, taratibu:

"Mimi ndiye niliyesimama. Mimi ndiye niliyeshika kopo mbele za watu. Umenifanya nimfukuze mtu wa Mungu, mwalimu."

"Najua."

"Na kila Ijumaa nikitoka msikitini unanisalimia."

"Najua, mzee."

Shamsia alitaka kumwinua, akamsukuma mkono. Akainuka mwenyewe. Dawa hapulizi, akasema, si leo si kesho. Lakini mimi na yeye hatuna la kuongea mpaka nimwone Elisha kwa macho yangu. Yuko Handeni, mbele ya Sindeni, kuna ndugu wa Sadala aliyemwona mnadani. Nikirudi ndipo tutajua kama sisi bado ni majirani.

Ndizi alizonipa zimeiva zote. Sijala hata moja.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nilifika stendi Korogwe. Nikakata tiketi ya Handeni. Basi lilipopiga honi nikashuka.

Nimerudi. Nimeburuta shuka bila sababu. Sikuhesabu.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nimefika. Nimekaa kwenye kigoda nyumbani kwa Elisha, daftari magotini, maana nisipoandika mikono haina pa kukaa.

Basi mpaka Sindeni, kisha bodaboda njia ya vumbi jekundu, kijana akiuliza kila boma. Nilidhani watanifukuza langoni. Nasieku, mkewe, alinijua kabla sijashuka. Akainama nimguse kichwa kama wanavyofanya kwao. Nikamgusa. Mkono huu.

Elisha amekwenda kunywesha ng'ombe, atarudi. Nasieku kanipa chai ya maziwa yenye moshi wa kibuyu. Tumeongea. Yaani yeye ameongea. Hapa maji ni mbali. Walipohama walitembea siku tatu, ndama wawili wakabaki njiani. Mama yake Elisha hakuizoea sehemu hii. Alikuwa anauliza kila asubuhi lini wanarudi kule kwenye kijito. Alifariki Desemba ile ile. Wamemzika nyuma ya zizi. Amenionyesha, mawe tu.

Pole, nimesema. Neno gani hilo! Pole.

Nimemuuliza kama Elisha ana hasira na watu wa Mnyuzi. Ameniambia alikuwa nayo. Sasa hawataji. "Isipokuwa wewe, mwalimu. Wewe anakutaja kila mara."

Nikaweka kikombe chini. Nikauliza anasema nini.

Anasema siku ile uwanjani watu wote walisimama wakamtukana, hata aliowapa maziwa. Mtu mmoja tu hakufungua mdomo. Mwenye msiba, mwalimu Fausta. Elisha anasema yule mama alijua si sisi. Alikosa nguvu ya kusema kwa ajili ya msiba, lakini alijua. Anasema ndiyo maana hakuondoka akiwa amelaani kijiji kizima.

Nasieku alinitazama, ananingoja nikubali.

Nimekaa kimya. Tena! Nimekaa kimya tena, Mungu wangu, na yeye ameona ni unyenyekevu, amenijazia kikombe.

Kengele. Vumbi upande wa mashariki. Ng'ombe mbele, yeye nyuma, fimbo begani, amekonda. Amekinga jua kwa kiganja. Amenitambua. Anakuja mbio, anawaacha ng'ombe wajiendee wenyewe, anaita kutoka mbali, "Mwalimu! Shikamoo mwalimu!" na anacheka, anacheka kama mtu aliyeletewa ndugu yake.

Amemwambia Nasieku kwa Kimaa jambo moja fupi. Nasieku ameshainuka, amechukua kamba. Namwona anaingia katikati ya mbuzi, anachagua. Yule mnene mweupe. Wanataka kunichinjia.

Nasimama sasa nimwambie Elisha la kopo. Kabla hajamfunga —